Mama Mwalimu Alikataa Kusimama

Walimvunja papa, baba yangu, mkono asubuhi, ndani ya shamba letu wenyewe, mahindi yakiwa yamefika kifuani. Ng'ombe walikuwa wameingia kwa mara ya tatu msimu ule. Mara ya kwanza papa aliwatoa kwa kupiga makofi na kupiga mluzi. Mara ya pili aliwaomba wachungaji kwa upole, akavua na kofia. Mara ya tatu alisimama mbele ya ng'ombe wa kwanza, akakataa kusogea, na wachungaji wawili, wanaume wazima, wakamwangusha na kumpiga kwa fimbo zao. Mimi nilikuwa bombani. Niliporudi na bidoni ya maji kichwani nilimkuta ameketi chini, mkono wa kulia ameulaza juu ya mapaja kama kitu alichoombwa kumshikia mtu, na ng'ombe bado wanakula.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumetoka milima ya Kivu Kusini miaka sita nyuma, tukapewa kipande cha ardhi huku Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na papa alikilima kama mtu anayelipiza kitu. Siku za juma alikuwa mkulima. Jumapili alikuwa mpiga gitaa wa kwaya, na watu wa vijiji vingine walikuja kanisani kwetu kumsikiliza yeye kuliko kumsikiliza mchungaji wa kanisa. Mfupa ulishika, lakini vidole havikurudi. Daktari wa Mbarara alitueleza kwamba mshipa umekatika, kwamba hakuna la kufanya. Papa alimshukuru daktari. Papa ni mtu wa kushukuru. Mimi nilitoka nje bila kumshukuru.

Mwenye ng'ombe hakukaa kambini. Alikaa mjini Mbarara. Zamani alikuwa mwanajeshi, sasa alikuwa na duka la mabati na saruji, na ng'ombe wa pembe ndefu wasiohesabika ambao walikwenda kunywa ziwani. Njia ya halali ilizunguka kilima. Njia ya mkato ilipita katika mashamba yetu. Watu waliokuwa wamelima maeneo yale kabla yetu walisema kumshtaki ni kupoteza siku ya kulima.

Nitasema ukweli, maana umri wa kujipamba umenipita. Sikutaka haki. Nilitaka mtu yule apoteze kitu kisichorudi. Nilimwazia akilia. Nilipomenya mihogo nilimwazia, nilipoosha mgongo wa papa ambaye hakuweza tena kujiosha mwenyewe, nilimwazia. Siku moja nikaenda mji mdogo wa Rwekubo kwa miguu, nikaingia duka la dawa za mifugo, nikatoka na dawa ya kupe, ile kali ya kuogeshea. Nyumbani niliichanganya na chumvi ya mawe ambayo ng'ombe huilamba kwa pupa, nikaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, halafu ndani ya kitambaa. Nilijua njia yao na jiwe ambalo ningeiweka juu yake.

Ndipo Mama Mwalimu akaja kumwona papa.

Kila mtu alimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Kwao Kivu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hapa aliwafundisha watoto kusoma ndani ya kanisa, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kukosa siku. Hakuwa mtu mtamu. Alikuwa mfupi, mkavu, hacheki ovyo, na ukichelewa alikuacha usimame mlangoni hadi somo liishe. Mimi mwenyewe alinifundisha, na hadi leo nikiandika herufi mbaya nahisi macho yake mgongoni. Wanawake wawili hodari tu walithubutu kumtania. Watoto wake wa kiume wawili waliuawa siku moja, na hakuna aliyepata kumsikia akizungumzia jambo hilo.

Lakini lingine tulilijua wote, kwa sababu watu wa milima yetu hawakuacha kulisimulia. Huko nyumbani askari waliweka kizuizi njiani, wakawa wanachukua sehemu ya mzigo wa kila mwanamke aendaye sokoni. Mama Mwalimu aliwakusanya wanawake, wakaja hadi kizuizini na vikapu vyao, wakavitua, wakakaa chini. Hawakupita, hawakurudi. Soko likakosa chakula, hata askari wenyewe wakakosa cha kununua. Walifanya hivyo kila siku ya soko hadi kizuizi kikaondolewa. Walipigwa, ndiyo. Lakini kizuizi kiliondoka.

Alimtazama papa mkono kwa muda mrefu, akaugeuza, akaurudisha mapajani. Hakusema pole. Aliuliza ni mashamba ya nani mengine yaliyoliwa. Kisha akaondoka, akapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba aliacha maagizo yaleyale. Keshokutwa alfajiri waje wote shambani kwetu. Kila mtu aje na kazi ya nyumbani: maharagwe ya kupukuchua, nguo za kutia kiraka, mtoto wa kusuka nywele. Pasionekane jembe, panga wala fimbo. Mzee mmoja akamkumbusha kwamba yeye hutembelea fimbo. Akamjibu kwamba atabebwa. Na kweli alibebwa.

Siku hiyo alisimama pembeni ya shamba, akampekua kila aliyeingia, kama wanavyopekua kwenye lango la kambi ya jeshi. Nilikuwa nimeufunga ule mfuko kiunoni chini ya kitenge, kwa sababu niliona hii ndiyo nafasi yangu: watu wote wakiwa wameketi, mimi ningezunguka hadi njiani. Mkono wake ukausikia. Hakusema kitu mbele ya watu. Alinivuta nyuma ya kichuguu.

"Hii ni ya nini?"

Kumdanganya sikuweza. Nikamwambia.

"Ngombe ngapi?"

"Wote."

Alifungua kitambaa, akanusa, akakifunga tena vizuri. "Ile siku ngombe moja itakufa, batatufukuza siye bote," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu. "Na ule muntu atakuwa na haki. Leo hana. Leo haki iko kwetu, na weye unataka kumupatia bure."

Nikamjibu kwamba amemvunja papa mkono na nataka kumwona akilia. Nilingoja anisomee mstari wa kugeuza shavu la pili. Nilikuwa na jibu lake tayari.

"Hata mimi," akasema. "Unazani mi sina kasirani? Yangu ni mingi kupita yako. Njo maana sitaki kuipotezea ku ngombe."

Akaenda akautupa mfuko katika choo cha shimo cha jirani, akarudi, akaendelea kupekua. Mimi nikaenda kuketi. Nisidanganye kwamba niligeuka moyo. Niliketi kwa sababu nilitaka kuona mwanamke mwenye hasira kubwa kuliko yangu atafanya nini nayo.

Tulikuwa kama watu arobaini, tumejipanga kati ya mabua yaliyovunjika. Ng'ombe wakaja. Sikuwa najua kwamba ng'ombe hapendi kumkanyaga mtu aliyeketi akimwona. Husimama, hushusha kichwa, humpumulia mtu usoni. Wachungaji walipiga kelele, wakawapiga ng'ombe, ng'ombe wakazunguka palepale. Kisha wakatupiga sisi. Mama Mwalimu aliwaonyesha kwa kidole njia ya kuzunguka kilima, akawaambia kwamba iko wazi, hakuna aliyeketi huko, ng'ombe wasiteswe na kiu. Akarudi kwenye maharagwe yake.

Siku ya pili fimbo ilimpata Mama Mwalimu sikio la kushoto. Damu ilishuka shingoni ikaingia kwenye ungo. Nilijikuta nimesimama na bonge la udongo mkononi, na yule mchungaji alikuwa karibu kiasi kwamba nisingemkosa. Nikahisi kitenge changu kinavutwa.

"Kaa."

"Mama, damu."

"Ninaijua. Kaa."

Nikakaa. Aliyatoa maharagwe yaliyolowa damu moja moja, akayaweka kando, akaendelea kupukuchua. Kwa dakika ile nilimchukia yeye kama nilivyowachukia wao. Nilimwona anatunyima kitu chetu. Lakini nilimtazama yule mchungaji pia, na nikaona hajui mikono yake aiweke wapi. Alikuwa amezoea watu wanaokimbia au wanaopigana. Kwa mwanamke anayechagua maharagwe hakuwa na jambo alilofundishwa kufanya. Nilifurahi kumwona hivyo. Ilikuwa furaha mbaya, na sikuionea haya.

Siku ya sita akaja mwenye ng'ombe mwenyewe. Gari lake lilibaki barabarani, akaingia shambani kwa miguu, suruali yake nyeupe, viatu vinang'aa, na mvua ilikuwa imenyesha. Akauliza mkubwa wetu ni nani. Watu wakamtazama Mama Mwalimu. Yule bwana akaja akamsimamia, akazungumza Kiswahili chake cha jeshini, kile unachokisikia kwa watu waliokaa kambi ya jeshi ya Makenke:

"Wewe mama, nyinyi nataka nini hapa?"

Mama Mwalimu hakuinua macho. "Sisikie," akasema.

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Sisikie. Muntu yako alinipiga huku." Akagusa sikio la kushoto, ambalo lilikuwa limefungwa kitambaa, kisha akagusa la kulia. "Ongea ku hii."

Lakini hakusimama. Yule bwana akatazama huku na huku. Wachungaji wake walikuwa wanamwona. Sisi sote tulikuwa tunamwona. Akaiinua suruali kwenye magoti, akachuchumaa, tumbo likamkatalia, na ili asianguke akapiga goti moja matopeni. Akainama, akasogeza mdomo wake karibu na sikio la yule mwanamke, akarudia swali lake taratibu kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani.

Nimekula chakula kizuri tangu siku ile, nimevaa nguo nzuri, nimependwa. Sidhani kama nimewahi kupata utamu kama wa kuliona lile goti likizama.

Baadaye nilimuuliza Mama Mwalimu kama kweli hakuwa anasikia. Sikio lile la kushoto lilikufa kabisa mwaka uliofuata. Lakini siku ile, akaniambia, "nilikuwa nasikia kidogo."

Walikubaliana palepale, na kesho yake wakathibitisha katika ofisi ya kambi. Ng'ombe wangepita kilimani. Mtaro ungechimbwa mpakani. Kila aliyeliwa shamba angepewa mbegu za msimu. Mtaro ulichimbwa, mbegu zililetwa. Siku ile ya ofisini watu waliimba njia nzima ya kurudi. Mimi sikuimba, kwa sababu nilikuwa nimesikiliza neno kwa neno na sikusikia popote mkono wa papa. Nilimfuata Mama Mwalimu hadi kwake nikamwambia kwamba ameuza mkono wa papa kwa mbegu. Maneno kama hayo hakuna aliyewahi kumwambia.

"Niliomba ile inaweza kurudishwa," akasema. "Mukono haurudi. Ya mukono, utaomba weye."

Hilo nikalichukua kama kibali.

Nilijifunza cherehani, na miaka mitatu baadaye nikahamia Mbarara, nikapanga chumba mtaa wa Nyamityobora chenye baraza ya kuwekea mashine. Niliwaambia watu kwamba nafuata kazi. Lakini juma la kwanza, kabla sijajua wanakouza uzi, nilikuwa nimeshajua duka la mabati liko wapi, linafunguliwa saa ngapi, na siku gani lina watu wengi. Ilikuwa Jumamosi.

Kwa hiyo kila Jumamosi nilichukua kigoda na nguo za kukunja pindo, nikaketi ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wake, nje ya mpaka wake. Sikupiga kelele. Mtu akiniuliza ninangoja nini, nilimjibu kwa sentensi moja: watu wa mwenye duka hili walimvunja baba yangu mkono, na yeye hajasema pole. Kisha nikarudi kwenye pindo. Mji si mkubwa kama unavyojidhani. Jumamosi ya tatu wateja walikuwa wananiuliza kabla hawajaingia, na wengine baada ya jibu hawakuingia. Wafanyakazi wake walinimwagia maji machafu miguuni. Nilikausha miguu. Mwenye duka akamleta askari polisi, kijana mwenye adabu, akaniuliza:

"Madamu, hii kiti ni ya kazi gani?"

"Ya kukalia, afande."

Nikamweleza habari yote. Akautazama mlango wa duka, akanitazama mimi, akaniambia nisizibe njia. Nikakisogeza kigoda shubiri moja. Akaenda zake.

Nilikuwa naona bwana yule akichungulia. Nilihesabu mara anazochungulia. Nilirudi nyumbani jioni nikiwa nimeshiba, ingawa sikuwa nimekula.

Habari zikafika Nakivale. Jumamosi ya kumi na moja nikamwona Mama Mwalimu anashuka kwenye taksi ya Rwekubo, amevaa kitenge cha kanisani, amebeba ndizi. Alitafuta kreti ya soda, akaipindua, akaketi upande wangu, sikio zima likinielekea. Nilijisikia fahari. Nilidhani amekuja kuona mwanafunzi wake alivyohitimu.

Karibu na adhuhuri akasema, "Unakaa mubaya."

Nikamuuliza vipi.

"Unakaa sawa muntu mwenye kungojea nyumba ianguke. Unataka nini kwake? Sema."

Nikasema nataka aende kwa papa, apige magoti, aombe radhi.

"Ulimwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimewaambia wateja, wapita njia, wauza ndizi, polisi. Jumamosi kumi na moja, na yeye mwenyewe sikuwa nimemwambia. Na sababu niliijua, ingawa sikuitamka: kama ningemwambia, angeweza kwenda, na akienda ingebidi niondoke pale.

"Kama haukumwambia, hii si kuomba haki," akasema. "Ni kumutesa tu."

"Na kama nataka kumtesa?"

"Basi mutese. Lakini usiambie batu ni mimi nilikufundisha."

Nikavuka barabara. Alikuwa nyuma ya meza, amezeeka kuliko nilivyomwona kutoka ng'ambo. Nikamwambia mimi ni binti wa nani, shamba lilikuwa wapi, nini kilifanyika, nataka nini. Alimkumbuka mama wa maharagwe. Alikumbuka na matope. Kisha akaniuliza:

"Mukono gani?"

Hakujua kwamba kuna mkono uliovunjwa. Au alisema hakujua. Sitapata kuwa na hakika. Alidai wachungaji walimwambia tu kwamba walimsukuma mzee mmoja. Miaka yote ile nilimbeba akilini, mezani na kitandani, na yeye hakuwahi kumfikiria papa hata kwa nusu saa. Nikamwambia nitakuwa pale Jumamosi ijayo, na inayofuata, hadi aende.

Alikwenda baada ya Jumamosi nne. Aliniomba nimwonyeshe njia, nikakaa kiti cha nyuma cha gari lake. Nilikuwa najua jinsi itakavyokuwa. Nilikuwa nimeipanga kama mtu anavyopanga harusi: papa ameketi, yule bwana magotini, mimi nimesimama.

Papa alikuwa nje akianika mahindi. Yule bwana akavua kofia, akajitaja, akaanza kusema alichokuja kusema, na magoti yake yakaanza kukunjika.

"Hapana, hapana, bwana," papa akasema. "Kaa."

Na kabla goti halijagusa chini, alikuwa ameshamsogezea kiti, kile kizuri, kwa mkono wake wa kushoto. Mtu yule akaketi. Akaomba radhi akiwa kitini. Papa akamwambia imekwisha, akaita chai. Baada ya muda walikuwa wanazungumza juu ya mvua na ugonjwa wa miguu wa ng'ombe.

Niliondoka bila kuaga. Nilitembea hadi kwa Mama Mwalimu, nikamwambia papa ameniibia. Miaka yote, Jumamosi zote, na amempa kiti.

Akaniuliza mkono ulikuwa wa nani.

Nikamuuliza kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Nilitaka kumuumiza, nakiri. Nikamuuliza kama amewasamehe waliowaua watoto wake.

"Hapana," akasema, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

Alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto. Alimaliza ukurasa, akafunua mwingine. "Mi naomba Mungu nisikutane nabo," akasema. "Bakinitokea mbele, sijui kama nitaweza kukaa."

Kanisani wanapomsifu kwamba ni mama wa amani, na wanamsifu mara nyingi sasa kwa kuwa amezeeka, mimi hunyamaza. Sina mwingine ninayetaka kufanana naye. Lakini si kwa sababu wanayoitaja wao.

Papa na yule bwana husalimiana kwa simu. Mimi naye tukikutana njiani Nyamityobora ananisalimia, nami naitikia, kwa sababu papa aliniomba niitikie. Zaidi ya hapo hajapata kwangu, na simpi.